Ufunguo wa Ramani

Mchoro ulikuwa mmoja, umebandikwa ukutani, una visanduku saba na mishale kumi na mmoja. Kampuni ilikuwa ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, hapa Dar es Salaam, na mchoraji nilikuwa mimi. Kati ya kisanduku nilichokiandika "Oda" na kingine nilichokiandika "Stoo" nilikuwa nimevuta mshale, unaotoka Oda kwenda Stoo. Kwa macho yangu ulikuwa umekaa sawasawa.

Mhasibu mkuu, mama wa makamo aliyeanza kazi pale enzi za daftari na karatasi ya kaboni, alisogea akavaa miwani. "Mwanangu, huu mshale umeugeuza," akasema. "Mzigo unatoka stoo kumfuata mteja. Wewe umeuonyesha unaingia." Kijana aliyeandika programu akamjibu kwa heshima: "Mama, mshale uko sawa. Programu ya oda ndiyo inayoiita programu ya stoo, inaiuliza kama dawa ipo." Fundi wa mtandao, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema yeye alidhani ule ni mstari wa intaneti kutoka ofisini hadi ghala la Mbagala, na alikuwa akijiuliza mbona umechorwa mmoja ilhali wao wamefunga miwili, wa pili ukiwa wa akiba.

Wote watatu walikuwa na haki. Aliyekosa jibu ni mimi, kwa sababu wakati nauchora nilikuwa nawaza yote matatu kwa pamoja, nikayabebesha mstari mmoja wa kalamu.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia kazi ya watu waliokaa miaka mingi kutafuta dawa ya mshale kama wangu. Ni kazi ya kusanifisha namna tunavyoeleza usanifu wa programu na mifumo. Haina jengo la kupigia picha. Walichotoa ni maneno: fasili chache, masharti machache, na nafasi nyingi zilizoachwa wazi kwa makusudi. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za ufundi safi kabisa katika fani yetu, na nitaieleza taratibu, kwa kuwa uzuri wake haumfunukii mtu anayepita mbio.

Swali la mhasibu wetu lilikuwa limeshaandikwa zamani. Novemba 1995, katika jarida la IEEE Software, Philippe Kruchten, mhandisi mwenye asili ya Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi Kanada, alianza makala yake kwa kuvihoji visanduku. Hiki ni programu iliyo kazini? Ni fungu la msimbo? Ni kompyuta yenyewe? Au ni kundi tu la shughuli zinazofanana? Na mishale je, inaonyesha nani anamtegemea nani, nani anamwita nani, au data inapita wapi? Hakuwaona wachoraji kuwa wavivu. Aliona wanahangaika kuilazimisha karatasi moja iseme mengi kuliko inavyoweza kusema.

Jibu lake lilikuwa kuigawa karatasi. Mchoro wa kwanza ueleze mfumo unampa mtumiaji huduma gani. Wa pili ueleze vitu vinavyokwenda kwa wakati mmoja, na kipi kinamsubiri mwenzake. Wa tatu uonyeshe msimbo umegawanywaje baina ya timu za waandishi wa programu, tabaka juu ya tabaka. Wa nne uonyeshe programu ipi imekaa kwenye mashine ipi. Kisha akaongeza wa tano: visa vichache vya matumizi, vinavyosimuliwa kupitia michoro yote minne ili ionekane kama kweli inaelewana. Akauita mpango wake "4+1", na alikiri waziwazi kwamba huo wa tano unarudia yaliyomo katika ile minne, ndiyo maana ya alama ya kujumlisha. Napenda sana ukweli huo wa hesabu. Mwingine angeuita mpango wa michoro mitano na kuendelea na safari.

Mifano aliyoitumia ilitoka kwenye swichi ya simu za ofisini na kwenye mfumo wa kuongoza ndege angani. Ukiutafakari huo wa pili utaona kwa nini karatasi moja haikutosha. Aliyekaa mbele ya skrini ya rada anataka kujua ataona nini ndege mbili zikikaribiana. Anayetunza mashine anataka kujua akizima moja usiku kwa matengenezo, nyingine itaibeba kazi yake au haitaibeba. Mkuu wa timu ya waandishi anataka kujua vijana wake wakibadilisha kitu leo, timu ngapi nyingine zitalazimika kuamka kesho. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza jambo dogo, na hakuna hata mmoja anayeweza kusomea jibu lake kwenye mchoro wa mwenzake.

Kruchten hakuwa wa kwanza. Mwaka 1987 John Zachman, wakati huo akiwa IBM, alikuwa amechapisha makala kuhusu usanifu wa mifumo ya taarifa, baada ya kuchunguza jinsi wajenzi wa nyumba na watengenezaji wa ndege wanavyotunza michoro yao. Aliona jambo ambalo mafundi wa mtaani kwetu wanalijua vizuri bila kuliandika: ramani anayoonyeshwa mwenye nyumba na ile anayofanyia kazi fundi mwashi hazitofautiani kwa wingi wa vipimo tu. Ni za aina tofauti. Ukichukua ya mwenye nyumba ukaijaza vipimo hupati ya mwashi, na ukichukua ya mwashi ukafuta vipimo hupati ya mwenye nyumba. Zachman akapanga jedwali, mistari ikiwa ya watu na safu zikiwa za maswali. Mwaka 1992, akishirikiana na John Sowa, safu zilikamilika kuwa sita: nini, vipi, wapi, nani, lini, kwa nini.

Baada ya hapo viunzi, yaani mipango ya namna hii ya kugawa michoro, vikazaana. Kiwango cha kimataifa cha mifumo iliyotawanyika, ISO/IEC 10746, kikaweka mitazamo mitano. Wizara ya ulinzi ya Marekani mwaka 1996 ikatoa kiunzi chenye mitatu, ambacho baadaye kilizaa kingine kikubwa zaidi. Kila kiunzi kilikuwa na msamiati wake, na neno moja lilikuwa na maana moja huku na nyingine kule. Msanifu akihama kutoka mradi mmoja kwenda mwingine ilimbidi ajifunze kusema upya.

Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu.

Mwaka uleule wa 1995 ilipotoka makala ya Kruchten, ndani ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, kikundi kilianza kuandaa kanuni ya kueleza usanifu wa mifumo inayotegemea sana programu. Miongoni mwao walikuwamo Rich Hilliard, David Emery na Mark Maier. Kishawishi kilikuwa wazi: kuchagua kiunzi kimoja kati ya vilivyokuwapo na kukipiga muhuri, au kubuni kipya na kuwaambia wengine wakifuate. Isitoshe, mwaka 1997 lugha ya michoro ya UML ilikuwa imepitishwa na ilikuwa inaenea kwa kasi. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba kila mchoro uchorwe kwa UML, na wengi wangeshangilia.

Hawakufanya hivyo. Kijitabu kilichopitishwa Septemba 2000 kwa namba IEEE 1471 hakitaji hata mchoro mmoja ulio wa lazima. Hakichagui alama, hakichagui programu ya kuchorea, hakisemi michoro iwe mingapi. Kilichosalia baada ya kuacha yote hayo ni kidogo mno kwa ukubwa. Kutafuta kidogo hicho kuliwachukua miaka mitano.

Cha kwanza walichofanya ni kutenganisha usanifu na maelezo ya usanifu. Kila mfumo una usanifu, walisema, hata kama hakuna aliyeandika mstari. Maelezo ni kitu kingine, ni kazi ya mikono ya mtu. Jambo hili mzungumzaji wa Kiswahili halimpi taabu: lugha hii ilikuwa na ngeli zake karne nyingi kabla Ludwig Krapf hajachapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1850. Sarufi ilikuwa vinywani mwa watu, na kitabu kikaja kuieleza, mahali pengine vizuri na mahali pengine vibaya. Vivyo hivyo karatasi niliyoibandika ukutani haikuwa usanifu wa mfumo wetu. Ilikuwa maelezo yake, na yangeweza kukosea huku mfumo wenyewe ukiendelea kutuma dawa kila asubuhi.

Ukishakubali utengano huo, mengi hunyooka. Kiwango kinaweza kuyapima maelezo bila kujitia kuupima mfumo. Mfumo mbovu unaweza kuelezwa vizuri, na huo nao ni msaada, maana ubovu ulioelezwa vizuri unaonekana. Mfumo mzuri pia unaweza kuelezwa hovyo hadi warithi wake wauharibu kwa kutojua. Watunga kiwango walikataa kuahidi kwamba anayewafuata atajenga kitu kizuri. Waliahidi tu kwamba atakachokisema kitaeleweka ni nini, kinasemwa kwa ajili ya nani, na kwa kanuni ipi.

Utengano wa pili ndio ulioutibu mshale wangu. Walitofautisha kinachoonekana na mahali pa kuonea. Kwa Kiswahili nimezoea kuviita taswira na mtazamo. Taswira ni mchoro wa mfumo huu mmoja, stoo hii, oda hizi. Mtazamo ni kanuni ya kuuchora na kuusoma: umekusudiwa nani, unajibu maswali gani, sanduku ni kitu gani na mshale ni kitu gani, na utajuaje kama umechorwa sawa.

Waliosoma shule za msingi huku kwetu wanakumbuka mambo ambayo ramani haikamiliki bila hayo: jina, fremu, dira, skeli na ufunguo. Mwalimu wa jiografia alikuwa anakata alama bila huruma kwa anayesahau ufunguo. Mstari mwekundu ni barabara ya lami au ni mpaka wa wilaya? Bila ufunguo huwezi kujua, hata ramani ikiwa nzuri kiasi gani. Watunga kiwango wenyewe wamekuwa wakitumia mfano huohuo: mtazamo kwa taswira ni kama ufunguo kwa ramani. Ila wao walikwenda hatua moja mbele ya mwalimu wangu. Waliutoa ufunguo kwenye kona ya karatasi wakaupa uhai wake. Mtazamo ulioandikwa vizuri kwa mfumo mmoja unaweza kuwekwa kabatini ukatumika kwa mfumo mwingine, ukaazimwa, ukarekebishwa, ukapewa jina. Ujuzi wa kuona, ambao zamani ulikuwa unakufa na mwenye nao, ukapata pa kuhifadhiwa.

Na sharti likawa fupi: kila taswira ifuate mtazamo mmoja uliotangazwa. Usichanganye. Ule mshale wangu ulikuwa chini ya mitazamo mitatu kwa mpigo, na ugomvi wa pale ukutani haukuwa ugomvi wa watu. Kwenye mtazamo wa nani anamwita nani, mshale unatoka Oda kwenda Stoo. Kwenye mtazamo wa mwendo wa mzigo, unatoka Stoo kwenda kwa mteja. Kwenye mtazamo wa mitambo, hakuna mshale kabisa, kuna mistari miwili isiyo na ncha. Ukishaitenga, hakuna aliyebaki wa kushindana naye.

Jambo la tatu ni dogo kwa maandishi lakini ndilo linaloyabeba mengine. Waliuliza: mchoro una haki gani ya kuwapo? Wakajibu kwamba upo kwa sababu kuna mdau, na mdau huyo ana jambo linalomgusa. Kiwango kinataka wadau watajwe, na kinataka wasisahauliwe angalau watumiaji, wanaolipia, wanaojenga na watakaotunza. Kisha yaandikwe yanayowagusa: mfumo utafanya kazi iliyokusudiwa? Unajengeka? Una hatari gani? Utaweza kubadilishwa baada ya miaka kumi? Na kila jambo lililotajwa lazima lipate angalau mtazamo mmoja wa kulishughulikia, na kila mtazamo uwe na jambo la kushughulikia.

Soma hilo sharti kwa pande zote mbili. Swali la mdau lisilo na mchoro ni pengo, na limeonekana kabla halijamuumiza mtu. Mchoro usio na swali la mdau ni mzigo, hauna sababu ya kuchorwa wala kutunzwa. Nimewahi kuona majalada ya miradi yenye kurasa mamia za michoro ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifungua, na katika majalada hayohayo hakuna mstari hata mmoja unaomwambia anayetunza mashine afanye nini umeme ukikatika. Sharti la mistari miwili lingeyapunguza na kuyajaza kwa wakati mmoja.

Kiswahili chetu kina kumbukumbu yake katika jambo hili, nami siwezi kuipita. Kusanifu, usanifu, msanifu, kusanifisha, Kiswahili Sanifu: yote mti mmoja, uliotujia kutoka Kiarabu, na tasnifu ya chuo kikuu ni tawi lake. Kwetu anayebuni nyumba na anayeweka kiwango cha lugha wameshika neno lilelile. Na sisi tulisanifishiwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ili vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar viandikwe kwa tahajia moja. Kimvita, chenye hazina ya tenzi na mashairi ya karne nyingi, kikabaki nje ya mlango, na watu wa Mombasa wamelisema hilo kwa uchungu hadi leo. Tahajia ilihitaji chaguo moja, sawa. Neno haliwezi kuandikwa kwa njia nne katika kitabu kimoja cha shule. Lakini ninapowasoma wale wa 1471 nawaheshimu zaidi kwa sababu najua chaguo moja linagharimu nini. Walitazama viunzi vyote vilivyokuwapo, kila kimoja na watu wake na historia yake, wakauliza ni kitu gani hasa kinachohitaji kuwa kimoja. Wakaona si mchoro. Ni tamko linalotangulia mchoro.

Kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Kinasema maelezo ya usanifu yaorodheshe mahali panapojulikana kuwa michoro haipatani.

Tafakari ujasiri ulio katika sentensi hiyo. Ukiugawa mfumo katika taswira nne au tano, zilizochorwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, hazitapatana zote. Mmoja anaonyesha programu ya stoo ni moja, mwingine anaonyesha imewekwa kwenye mashine mbili, na hakuna anayejua kwa hakika ipi ndiyo yenye hesabu ya kweli usiku mstari wa Mbagala ukikatika. Mazoea ya watu wanaokabidhi nyaraka ni kufunika. Mteja asione. Kiwango hakisemi lazima utatue kila mgongano, maana mingine huwezi kuitatua leo. Kinasema ule unaoujua, uandike. Aliyeficha hajafuata kiwango, hata kama michoro yake inang'aa. Aliyekiri amekifuata, hata kama kazi bado ina makovu. Sijaona mahali pengine ambapo wahandisi wameufanya ukweli kuhusu kasoro zao kuwa sehemu ya ubora wa kazi yenyewe, kwa maneno machache namna hiyo.

Kifungu kinachokaribiana nacho kinataka sababu za maamuzi makubwa ziandikwe, pamoja na ushahidi kwamba njia nyingine zilifikiriwa. Dewayne Perry na Alexander Wolf, katika makala yao ya 1992 iliyoweka misingi ya somo hili, walikuwa wamehesabu sababu kuwa sehemu ya usanifu wenyewe, sambamba na vipande na umbo. Mtu anayerithi mfumo huuona ukuta lakini haoni kwa nini umejengwa pale. Akiubomoa ndipo anapojua ulikuwa umezuia nini.

Yaliyofuata niyapitie haraka. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliichukua kanuni ile kama ilivyo na kuipa namba 42010. Mwaka 2011 ikafanyiwa marekebisho makubwa, ikapanda daraja: ile ya 2000 ilikuwa ni utaratibu unaopendekezwa, hii ikawa kiwango kamili cha mashirika matatu, ISO, IEC na IEEE. Mwaka 2022 ikapanuliwa tena, isihusu mfumo tu bali chochote kinachochunguzwa usanifu wake, ikiwa ni pamoja na taasisi nzima.

Lakini la 2011 linastahili kutazamwa kidogo. Mara hii walivigeukia viunzi vyenyewe. Wakasema kiunzi ni nini: ni mkusanyiko wa mitazamo, wadau na mambo yanayowagusa, pamoja na kanuni za kuoanisha taswira moja na nyingine, uliokubaliwa na jamii fulani ya watumiaji. Kwa fasili hiyo moja, jedwali la Zachman, "4+1" ya Kruchten, mitazamo mitano ya mifumo iliyotawanyika na viunzi vya wizara za ulinzi, vyote vilipata pa kukaa bila kimoja kufukuzwa. Sasa unaweza kuviweka mezani na kuvilinganisha: hiki kinamsahau anayetunza, kile hakina swali la usalama, hiki kina mitazamo miwili inayojibu jambo moja. Kanuni za kuoanisha nazo ziliandikwa rasmi. Kwa mfano: kila programu iliyomo katika taswira ya programu lazima ionekane imekaa kwenye mashine fulani katika taswira ya mitambo. Ikikosekana, umepata mgongano wa kuuandika.

Nikiwapa vijana kazini wasome kiwango hiki, wananirudishia wakisema ni kikavu. Ni kweli, na ukavu huo ni wa ufundi. Katika maandishi ya kiwango neno "lazima" halitupwi ovyo. Kila linapotokea, mkaguzi awe na uwezo wa kuyafungua maelezo na kusema sharti limetimia au halikutimia. "Inafaa" ina uzito mwingine, "inaruhusiwa" uzito mwingine tena. Rasimu hupelekwa kwa wapiga kura, maoni yao hukusanywa na kujibiwa, na ndani ya IEEE haipiti isipopata kura za ndiyo asilimia 75. Sentensi iliyopenya huko imesuguliwa na watu waliotaka iseme zaidi na watu waliotaka iseme pungufu. Nikikutana na fasili yao ya neno moja, mistari miwili, naisoma kama ninavyotazama mlango wa Zanzibar: polepole, nikitafuta mahali patasi ilipoamua kusimama.

Wapo wanaosema maelezo yote haya hayana haja, msimbo unajieleza wenyewe. Siafikiani nao. Msimbo unamjibu anayeuandika. Mhasibu wetu haumjibu, wala fundi wa mtandao. Hata wanaotaka wepesi wamejikuta wakirudi palepale: Simon Brown, aliyebuni njia nyepesi ya michoro ya ngazi nne iitwayo C4, inayopendwa sana na waandishi wa programu, anasisitiza kwamba kila mchoro uwe na jina na ufunguo. Angefaulu kwa mwalimu wangu.

Pale kampuni ya dawa tuliubandua ule mchoro. Wiki iliyofuata tukabandika karatasi tatu, na chini ya kila moja, kona ya kulia, tukaandika imekusudiwa nani, inajibu swali gani, na kila alama ina maana gani. Kwenye ya mhasibu mshale mnene ulikuwa mzigo na mwembamba ulikuwa hati. Karatasi ya nne ilikuwa tupu, ina kichwa tu: "Yasiyopatana".

Mama alivaa miwani akaufuata mshale mnene kwa kidole, kutoka stoo, kupita kwenye gari, hadi hospitali. Akarudi nyuma, akaufuata tena. "Mwanangu, dawa wakizirudisha hospitali, zinapita wapi?"

Hakukuwa na mshale. Tukaenda kwenye karatasi ya kijana wa programu, tukakuta kisanduku kimeandikwa "Marejesho", kipo peke yake, hakiitwi na yeyote. Kijana akakitazama kwa muda, akasema alikiandika mwanzoni kabisa, akingoja mtu amwambie kiungwe wapi, na hakuna aliyewahi kumwambia. Fundi wa mtandao akasema pale Mbagala marejesho wanayaandika kwenye daftari, ameliona juu ya meza ya mlinzi.

Mama akaomba kalamu. Kwenye karatasi ya nne akaandika namba 1, akaeleza jambo lenyewe kwa mstari mmoja, akaweka tarehe na saini kama anavyosaini vocha.